Chuo cha serikali, lakini serikali ya nani?

Msimu huu wa barua za vyuo, kila ukikaa na wazazi wenzako hapa Marekani, iwe baada ya ibada, iwe msibani, iwe pale kwenye duka la Waafrika mtu anasubiri kupimiwa dagaa, maneno ni yale yale, eti serikali imetufungia mkopo na watoto wetu ndio basi tena. Wanachozungumzia ni ile sheria aliyoisaini Rais Trump tarehe 4 Julai 2025, ambayo pamoja na mambo mengine kibao imeuwekea ukomo mkopo wa wazazi unaoitwa Parent PLUS. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026, kwa mkopaji mpya, mtoto mmoja hawezi kukopewa na wazazi wake zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka, na jumla haivuki dola 65,000 mpaka amalize. Kabla ya hapo mzazi alikuwa anakopa mpaka bei nzima ya chuo, ukitoa tu msaada mwingine aliopata mtoto. Mimi naona jambo hili tumelisoma kichwa chini miguu juu. Kilichomzuia mtoto wako kusoma chuo cha umma cha jimbo jingine ni bei yenyewe, na ile bei haikuwekwa kwa bahati mbaya, wala haikuwekwa kwa ajili ya watu kama sisi. Na ile skolashipu ya ufaulu tunayoisubiri kama mvua haina uhusiano mkubwa na mtoto kufaulu, ni punguzo ambalo chuo kinatoa pale tu kinapomhitaji huyo mtoto. Ukiliona hivyo, hasira yetu yote juu ya Parent PLUS inaonekana imeelekezwa pasipostahili.

Tuanzie tulikotoka maana nadhani ndiko makosa yanakoanzia. Kwetu Tanzania mtoto wa Kigoma akichaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam analipa ada ile ile ya mtoto wa Kinondoni anayelala kwao, hakuna mtu anamuuliza baba yako analipa kodi mkoa gani. Kenya hivyo hivyo, mtoto wa Lamu akipelekwa Maseno hatozwi cha ziada kwa sababu ametoka Pwani. Anayelipa zaidi ni mgeni wa nchi. Kwa hiyo tukifika huku tukasikia "chuo cha umma" kichwani inatafsirika moja kwa moja kuwa chuo cha serikali, na serikali kwetu ni moja. Huku sivyo. Kwa ile sheria ya Morrill ya mwaka 1862, Washington iliyapa majimbo ardhi yaiuze au yaitumie kuanzisha vyuo, lakini chuo ni cha jimbo, bodi ni ya jimbo, pesa ya kila mwaka inatoka bunge la jimbo, na mtoto wa jimbo la jirani kwenye hesabu zao ni mgeni kabisa, hata kama kwenu na kwao ni mwendo wa nusu saa. Mwenyeji wa Georgia akisoma chuo kikuu cha Georgia pale Athens analipa ada na michango kama dola 11,000 na kitu kwa mwaka kabla ya chakula na malazi. Mtoto huyo huyo akienda Michigan, Ann Arbor, ada peke yake inapita dola 60,000, wakati mwenyeji wa Michigan kwa mwaka wa kwanza hata 20,000 hafiki. California ndio usiseme, vyuo vya UC, yaani Chuo Kikuu cha California na kampasi zake, msimu wa 2025 vilimtoza mgeni mpya nyongeza ya dola 37,602 juu ya ada anayolipa mwenyeji, yaani ile nyongeza tu ni zaidi ya ada za miaka mitatu za Georgia.

Sasa kwa nini bei ni kubwa namna hiyo, hapa ndio kiini cha mambo. Baada ya ule mtikisiko wa uchumi wa 2008 mabunge ya majimbo mengi yalipunguza pesa za vyuo, na vyuo vikatafuta pa kuziba, wakagundua mtoto wa nje mwenye wazazi wenye uwezo ni sawa na watatu wa ndani kwa mapato. Wakaanza kuwatafuta kwa bidii. Wenyeji nao wakalalamika kwamba watoto wao wanakosa nafasi kwenye vyuo walivyovijenga wao, ndiyo maana UC mwaka 2017 ikaweka ukomo wa asilimia 18 kwa wanafunzi wa nje (kampasi zilizokuwa zimeshapita hapo zikaachwa na viwango vyao), na North Carolina walikuwa na asilimia 18 yao kwa wanaoanza chuo chao kikuu cha Chapel Hill tangu mwaka 1986. Weka hayo mawili pamoja: nafasi za wageni zimebanwa, na wanaozitaka ni wengi, na kati ya hao wengi wapo wanaoweza kulipa keshi bila kuuliza. Chuo kilichoko kwenye hali hiyo kitoe punguzo la nini? Kumshawishi nani? Hapo ndipo jibu la swali wazazi wanaloniuliza kila mwaka, kwamba mwanangu ana A tupu, mbona Michigan wamempa nafasi na hawajampa hata senti. Waliopewa nafasi karibu wote wana A tupu. A yake imemfungulia mlango, na kazi yake imeishia hapo.

Halafu angalia upande wa pili. Chuo kikuu cha Alabama, zaidi ya nusu ya wanafunzi wake wametoka nje ya jimbo, na kwa miaka mingi kimekuwa kikigawa skolashipu za ufaulu karibu kwa fomula, una alama kadhaa na mtihani kadhaa unajua mapema unapata kiasi gani. Maine, jimbo lenye wazee wengi na watoto wachache, chuo chao kikuu kilianzisha mpango wa kumwambia mtoto wa Massachusetts au New Jersey mwenye alama nzuri kwamba njoo kwetu utalipa ada ile ile ambayo ungelipa chuo kikuu cha jimbo lako. Kwa nini Maine inatoa na Michigan haitoi? Maine isipotoa madarasa yatabaki wazi. Ni biashara ya viti, na kusema hivyo si kuwatukana, ndivyo wanavyoendesha mambo.

Nitoe mfano mmoja tu wa karibu. Mama mmoja jirani yetu hapa Georgia, upande wa Clarkston, anafanya shifti ya usiku kiwanda cha kuku, alikuja na barua ya binti yake kutoka chuo cha umma cha jimbo jingine ambacho sikitaji. Aliishika kwa mikono miwili, imekunjwa vizuri. Juu imeandikwa hongera, chini yake msaada wako wa masomo, halafu mistari: skolashipu dola 4,000, mkopo wa mwanafunzi 5,500, Parent PLUS 68,500. Jumla 78,000. Na mstari wa mwisho kabisa: kiasi kilichobaki, 0. Yeye alisoma ile sifuri. Alikuwa ameshawapigia simu ndugu Kigoma kuwaambia mtoto kalipiwa chuo Marekani. Ikabidi tukae pale mezani nimweleze, dada yangu, huu mstari wa tatu ni wewe, hizi pesa zinadaiwa kwako, mtoto hata akipata kazi nzuri kisheria deni ni lako mpaka unazeeka, na hiyo 68,500 ni ya mwaka mmoja. Alinyamaza muda mrefu kisha akauliza, sasa kwa nini wameiita msaada? Sikuwa na jibu la kumpa. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, ilichunguza barua za vyuo mwaka 2022 ikakuta asilimia 91 ya vyuo ama havionyeshi kabisa bei halisi ambayo familia itabaki nayo ama vinaionyesha ndogo kuliko ilivyo. Kwa hiyo yule mama hakukosea kusoma, barua imeandikwa isomeke hivyo.

Ndiyo maana nikisikia mtu anaulilia Parent PLUS wa zamani huwa namuuliza kama ameshauona vizuri. Mkopo huu haukuulizi kama unaweza kulipa. Wanaangalia tu kama una doa baya kwenye rekodi ya madeni, kipato chako hawaombi. Riba kwa mikopo ya 2025 hadi 2026 ni asilimia 8.94, na kabla pesa haijafika chuoni wanakata ada ya asilimia 4 na kidogo. Sasa chukua hata hicho kiwango kipya tunachokiita kidogo, dola 65,000, kwa riba hiyo, ulipe kwa miaka 20 kama utaratibu mpya unavyopanga kwa deni la ukubwa huo, inakuja kama dola 580 kila mwezi, na ukimaliza umelipa karibu 140,000. Dola 580 kwa mtu anayebeba boksi ni zile ovataimu zote, ni ile hela ya mama mzazi kijijini, na mzazi wa miaka 48 akianza leo anamaliza ana 68. Na kwa wanaokopa upya ile njia ya kulipa kulingana na kipato imefungwa kwa mikopo ya wazazi. Hapo tunazungumzia kiwango chenye ukomo. Bila ukomo yule mama angeruhusiwa kukopa zaidi ya dola laki mbili na nusu kwa miaka minne, akiwa na mshahara wa kiwanda cha kuku, na hakuna mtu angemzuia. Kwanza ukomo wenyewe si kitu kipya, mkopo huu ulipoanza mwaka 1980 ulikuwa na mipaka midogo kabisa, mipaka ikaja kuondolewa na sheria ya mwaka 1992. Familia nyeusi za kipato cha chini ndizo zilizoumia zaidi katika hii miaka thelathini ya mlango wazi, hilo linajulikana.

Lakini nisijifanye upande wa pili hauna hoja, unazo, na moja ni nzito. Wanasema ukomo haupunguzi bei, unapunguza tu watu wanaoweza kufika, na wale watakaobanwa wataenda kwenye mikopo ya mabenki ambayo inataka mdhamini na haina huruma ukifiwa au ukiugua. Nakubaliana nao sehemu kubwa. Walioitetea sheria walirudia wazo la William Bennett, aliyekuwa waziri wa elimu wa Reagan, ambaye mwaka 1987 alidai kwamba misaada ya serikali ndiyo inayovipa vyuo ujasiri wa kupandisha ada, kwa hiyo ukikaza mkopo bei itashuka. Labda itashuka kwa vyuo vidogo ambavyo wateja wao walikuwa wanategemea mkopo. Kwa vyuo kama Michigan pale Ann Arbor na Berkeley ya California sioni, kwa sababu nafasi atakayoiacha mtoto wa mama wa kiwanda cha kuku ataichukua mtoto wa daktari wa New Jersey siku hiyo hiyo kwa bei ile ile. Vyuo hivi vitazidi kuwa vya matajiri wa nje na wenyeji wa ndani, na huo ni uonevu ambao inabidi tuuseme wazi. Ninachobishania ni dawa. Kumkopesha maskini bei ya tajiri hakumfanyi awe amepata nafasi sawa na tajiri, kunamfanya alipe zaidi ya tajiri, kwa sababu yule amelipa mara moja na wewe unalipa na riba.

Hoja nyingine ni ya jina. Chuo kikubwa kina makampuni yanayokuja kuajiri pale pale, kina maprofesa, mtoto anajuana na watu. Ni kweli, na kwa fani chache kama uhandisi au kompyuta kwenye vyuo vya juu kabisa inaweza kulipa, kama tofauti ya bei ni ya dola elfu kadhaa. Lakini tunazungumzia tofauti ya laki mbili. Na kwa sisi wa Georgia ambako Georgia Tech iko hapo hapo mjini Atlanta kwa bei ya mwenyeji, hiyo hoja ya jina inabidi mtu aisimamie vizuri sana ndio nimwelewe.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosambaa zaidi kwenye magrupu, ni hii ya kusema mtoto aende tu, mwaka wa kwanza tulipe bei ya mgeni, akodishe chumba, abadilishe leseni ya udereva, mwaka wa pili atakuwa mwenyeji. Nimeshaona watu wazima wenye akili zao wamepanga bajeti ya familia juu ya hilo. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1973, kesi ya Vlandis na Kline, ilisema kweli kwamba jimbo haliwezi kumfungia mwanafunzi milele asithibitishe kuwa amekuwa mwenyeji. Watu wameshika hapo tu. Mahakama hiyo hiyo iliacha majimbo yadai uthibitisho kwamba umehamia kweli, na miaka miwili nyuma, 1971, ilikuwa imeiachia Minnesota sharti lake la kukaa mwaka mzima kwanza. Majimbo mengi yakaandika kanuni kwamba muda uliokaa kwa sababu ya masomo hauhesabiki, na mtoto anayetegemea wazazi makazi yake yanafuata ya wazazi. Kwa hiyo leseni mpya na bili ya umeme havimsaidii kitu kama baba na mama wako Clarkston na ndio wanaomjaza kwenye fomu ya kodi. Atalipa bei ya mgeni miaka yote minne. Na hii hoja ya kwamba tuchangishane kwa harambee sitaki kuivunjia heshima kwa sababu imesomesha wengi wetu, ila harambee inamaliza jambo la mara moja, mazishi, tiketi, ada ya muhula. Mchango wa kanisa ukileta dola 9,000 mwaka wa kwanza watu wamejitoa kweli kweli, mwaka wa pili huwezi kurudi na bahasha ile ile.

Sasa kama bei imewekwa kwa anayeweza kulipa na punguzo linatolewa kwa anayehitajika, swali la mzazi linabadilika. Badala ya kuuliza skolashipu ziko wapi, uliza ni chuo gani kinamhitaji huyu mtoto, au ni jimbo gani limeshaamua kumbeba. Hapa Georgia kuna skolashipu ya HOPE, inalipwa na bahati nasibu ya jimbo tangu mwaka 1993, mtoto akimaliza sekondari na wastani wa 3.0 (yaani B) kwenye masomo yanayohesabika inamlipia ada ya masomo chuo cha umma cha Georgia, na mkimbizi mwenye hadhi halali anastahili kama mwenyeji mwingine akitimiza masharti ya makazi. Florida na Kentucky nao wana mipango yao. Pesa hiyo haivuki mpaka. Kwa hiyo ukimpeleka mtoto nje unalipa bei ya mgeni kule na unaitupa HOPE huku, ni hasara mbili kwa mpigo, na hii ya pili watu huwa hawaihesabu kabisa. Walioko Minnesota, na Wakenya ni wengi kule, wana makubaliano ya ada na Wisconsin. Majimbo ya magharibi yana mpango wao ambao mgeni hatozwi zaidi ya mara moja na nusu ya ada ya mwenyeji, na majimbo mengi ya kusini yana ule wa kumruhusu mtoto kusoma jirani kwa ada ya mwenyeji kama fani anayoitaka haipo kwao. Kwa familia yenye kipato kidogo kabisa, North Carolina pale Chapel Hill na Virginia pale Charlottesville ni vyuo vya umma vinavyoahidi kuziba mahitaji yote hata ya mtoto wa nje ya jimbo, kazi ni kuingia. Na kuna jambo ambalo wazazi wetu hawaliamini mpaka waone karatasi: chuo binafsi kinaweza kuwa rahisi. Berea kule Kentucky hakijatoza ada tangu 1892. Emory hapa Atlanta wametangaza kwamba kuanzia msimu wa 2026 familia ya kipato cha dola 200,000 kushuka chini haitalipa ada. Chuo binafsi chenye mfuko mkubwa kinaangalia kipato chako, cha umma cha jimbo la watu kinaangalia anwani yako.

Na ukishaanza kuangalia anwani hivyo unaona mahali ambapo kelele zetu zilitakiwa ziwe. Kuna vijana wanaohesabiwa wa nje ya jimbo wakati wamekulia ndani ya jimbo. Wameletwa hapa wana miaka mitatu, wamesoma shule za Georgia kuanzia chekechea, wazazi wao wanalipa kodi za Georgia kila wakinunua mkate, lakini kwa sababu ya karatasi za uhamiaji bodi ya vyuo vya Georgia inawatoza bei ya mgeni, na wale wasio na hadhi yoyote tangu 2010 hawaruhusiwi kabisa kwenye vyuo vinavyojaa. HOPE hawaigusi, FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu, hawajazi, Parent PLUS wala haikuwahi kuwa yao. Texas ilikuwa jimbo la kwanza kuwapa vijana wa namna hii bei ya mwenyeji, kwa sheria ya mwaka 2001 iliyopitishwa na vyama vyote viwili, na Juni 2025 ikafutwa mahakamani siku ile ile serikali ya Washington ilipoishtaki, kwa sababu Texas yenyewe ilikubali bila kubisha. Sikumsikia mtu hata mmoja akiizungumza pale dukani. Mwezi ule ule ukomo wa mkopo ulikuwa bado unajadiliwa bungeni na kila mtu alikuwa na lake la kusema.

Yule binti wa jirani alikataa ile nafasi siku mbili kabla ya tarehe 1 Mei, siku ya mwisho ya kujibu. Alilia, na mama yake alilia. Sasa hivi yuko mwaka wa pili Georgia State, HOPE inalipa ada, asubuhi anapanda treni Indian Creek anashuka kituo cha chuo, na mkopo wa wazazi hawajachukua. Kijana mwingine wa jengo lile lile, darasa moja na yeye tangu la pili, ana alama zilizo juu kidogo kuliko za binti, anapaki mizigo ghala moja huku Stone Mountain. Bei aliyopewa kwenye chuo ambacho binti anakwenda kwa treni ni bei ya mgeni.